Shimo la Mbele ya Namba Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili alfajiri, Coventry, Januari haijafungua macho,
nami nimelala chali chini ya gari la Bwana Ackroyd,
gari ambalo bei yake ingenunua nyumba yetu na ya jirani
na chenji ikabaki ya kuziba paa.
Limeinamia bega la kushoto
kama mtu aliyebeba ndoo moja.
Mafuta yanatona. Kosa lote ni kipete cha mpira,
chembamba kuliko hereni.

Harjinder, mwenye gereji, anaisoma kompyuta kwa miwani ya kuazima:
kila gurudumu na pampu yake,
kila pampu na akili yake,
na kamera mbili nyuma ya kioo zinachungulia lami mbele,
zinahesabu mabonde kabla hatujayafikia.
Springi naijua mimi. Husubiri ipigwe ndipo ijibu.
Hii hujibu kabla ya kuulizwa.
Ikiona shimo, gurudumu linanyanyua mguu
kama paka anayevuka majani yenye umande,
nawe uliye ndani huna habari.

"Likimbize maili kumi," akasema, "lijifunze usawa upya.
Na mama yako si anatoka hospitali leo?"

Nikamchukua.
Skrubu nne mgongoni, malipo ya miaka ishirini na miwili
ya kupiga deki korido zilezile alizosukumwa juzi akiwa kitandani.
Nilimwegesha kwenye kiti cha ngozi, akafumba macho,
akashika kikombe cha chai nusu, bila kifuniko, kwa ubishi tu.

Tukapita matuta ya shule.
Tukapita daraja la mfereji, pale vani yangu hulia kila siku.
Tukapita kiraka juu ya kiraka, barabara kama suruali ya fundi.
Chai ilikaa kimya ndani ya kikombe.
Nilitaka kumweleza jinsi upande mmoja unavyosukuma
wakati mwingine unaachia,
mara mamia kwa kila pumzi yake moja,
ila nikaona paji la uso wake limelegea,
nikanyamaza.

Nikazima injini.
"Mbona umesimama?"
"Tumefika, mama."
"Hatujafika. Sijalisikia shimo."

Shimo lile.
Barua kumi na moja aliiandikia halmashauri juu yake,
ya kumi na mbili hakuiandika.
Ule ndio mwaka baba alioondoka.
Vani yake ya mikate ilikuwa ikirudi saa nane usiku,
ndu, gurudumu la mbele,
ndu, la nyuma,
na mama, usingizini bado, alishuka kuwasha birika.

"Kibwana alibisha hodi pale," akasema, macho bado kafumba.
"Gari lenu hili lina adabu, lakini ni mwongo.
Ndiyo maana njia imekuwa fupi.
Halina swichi ya kulizima?"

Kitufe cha kuligeuza gumu kipo.
Nikakibonyeza, nikazunguka mtaa, nikalilenga shimo katikati
kama anayelipia deni.
Gari likanyanyua mguu.
Nikarudi kinyumenyume.
Likanyanyua tena.
Pauni laki na ushei, na haliwezi kuanguka
hata ukiliomba.

Mama akacheka, akashika mgongo, akaacha kucheka.
Nikamwingiza ndani hatua kwa hatua,
vizingiti viwili, ngazi moja, pale hapakuwa na pampu ila bega langu.

Jioni nilimrudishia Harjinder funguo.
Kipete kilikuwa kikavu, gari limesimama sawasawa
kama maji kwenye sahani.
Nikapanda vani yangu, heta imekufa, mlango umefungwa kwa waya,
nikaingia mtaani kwetu taratibu, upande wa kushoto kabisa.

Ndu.
Ndu.

Taa ya jikoni ikawaka.
Dirisha likafunguka kiasi cha sauti kupita.
"Shokomzoba za nyuma zimekwisha," akasema mama.
"Usizibadili kwanza."